Koti la Mfanyakazi Bora

Tukuyu, Jumatatu, 3 Novemba 1997

Kule Mbeya kwenye semina ya menejimenti tuliambiwa kila meneja aandike siku yake kabla hajalala. Wenzangu waliitikia kwa kichwa, wakasahau makaratasi yao kwenye viti. Mimi nimenunua kaunta buku na leo naanza. Binti yangu Leah akija kuisoma siku moja, ajue baba yake alifika Tukuyu pamoja na mvua, akakuta nguo hazikauki, akakabidhiwa barabara ya udongo iendayo upande wa Suma na watu wa kuitunza.

Watu wenyewe walikuwa vibarua wa serikali kwa miaka mingi. Walipopunguzwa kazi walirudi kwenye migomba yao. Sasa kazi za barabara wanapewa wakandarasi, kampuni yetu imepata hii, na imewachukua tena walewale. Mkurugenzi wetu, Bwana Godwin, alinipigia simu asubuhi. "Fulgence, barabara ikipitika mvua zote hizi, mwakani mkataba ni wetu na hao watu wana kazi. Ikikatika, wote nyumbani. Ila bado wana usingizi wa serikali. Waamshe."

Nimemwambia asiwe na shaka.

4 Novemba

Mvua.

5 Novemba

Mvua. Mke wangu Lightness, ambaye kwao Moshi, ameuliza kama kwetu Bukoba nako hunyesha hivi. Nimemjibu kwamba mvua ya Bukoba ina adabu.

Ijumaa, 7 Novemba

Leo nimeshinda na kikosi barabarani, na nimeona usingizi wenyewe.

Wanafanya kazi kwa mstari. Wanaingia mtaroni wote pamoja, bega kwa bega, majembe yanakwenda kwa wimbo, na kikosi kizima kinasogea. Anayeanzisha nyimbo ni Esnath, mjane ambaye hapa kila mtu anamwita Mama Jotham kwa jina la mwanawe. Ana jembe jepesi kuliko wanaume. Basi anamaliza sehemu yake, na badala ya kusonga mbele, anageuka kumlimia Amoni, kijana mwenye mdomo, ambaye kila akiinua jembe anakumbuka kisa. Nikamuuliza mzee Nsajigwa, ambaye hana cheo lakini wote wanamtazama yeye kwanza kabla ya kunijibu mimi: kwa nini huyu mama anafanya kazi ya mwenzake?

Mzee alinishangaa. "Sasa bosi, amwache?"

Kisha ikafika saa ya kula. Walikata majani ya mgomba, wakayatandika chini ya mti, kila mmoja akamwaga alichobeba: ndizi, magimbi, maharage, dagaa. Ikawa chungu nzima moja, wakaizunguka. Walinikaribisha. Nilikula ndizi moja kwa heshima (Bukoba tunazipika vizuri zaidi, sikusema), nikatazama saa. Walikula, wakacheka, wakamsikiliza Amoni, wakamsuta mmoja wao aliyemjibu mkewe vibaya, wakapatanisha wawili wengine, wakacheka tena. Nikasema jamani, kazi. Nsajigwa akajifuta mikono taratibu. "Tunangala kidogo, bosi." Kwangala ni kukaa na watu na kufurahia kukaa nao. Wana neno la jambo hilo, na wanalifanya saa za kampuni.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimegawa barabara. Nimepiga vigingi, kila kigingi kina jina, na kila mtu ana kipande chake: mtaro, kalavati, mashimo, vyote vyake. Semina ilisema mtu huipenda kazi anapoona ni yake. Niliwaeleza vizuri. Niliwaambia pia kwamba atakayefanya vizuri atapongezwa mbele ya watu, na hatabebwa mtu tena.

Hakuna aliyebisha. Walisema, "Sawa, bosi." Amoni peke yake aliuliza, "Na kula, kila mtu kwenye kigingi chake?" Wakacheka wote. Nami nikacheka, kisha nikamwambia ndiyo, itaokoa muda.

18 Novemba

Hakuna nyimbo. Kazi inakwenda mbio.

Ijumaa, 5 Desemba

Ningetamani wale wa semina waje waone. Mitaro imenyooka mpaka mtu anaona aibu kutema mate. Malori ya majani ya chai yanapita asubuhi na jioni. Amoni naye amelima, kwa kuwa hana wa kumsimulia. Bwana Godwin amekuja ghafla, amepita barabara nzima, akashuka kwenye gari akanishika mkono. "Uliwafanya nini?" Nikamwambia nimewapa umiliki. Neno hilo amelipenda sana.

Tumekubaliana Krismasi isipite bila zawadi ya Mfanyakazi Bora.

Ijumaa, 19 Desemba

Zawadi imetoka Mbeya, nami niliichagua mwenyewe: koti la mvua, la njano, zito, lenye kofia, refu mpaka magotini. Hawa watu hujifunika mifuko ya salfeti iliyopasuliwa upande mmoja, au jani la mgomba. Nilifikiri, hapa mtu atapenda nini kuliko kuwa mkavu?

Niliwakusanya mbele ya stoo. Nilitaja jina la Esnath. Kipande chake hakina mshindani, kila mtu anajua. Makofi yalipigwa, lakini yaliisha mapema kuliko nilivyotegemea. Nilimvisha mimi mwenyewe. Alisimama ndani ya lile koti akitazama chini, mvua ikawa inawapiga wengine usoni, na yeye inamteleza tu. Alisema, "Ndaga fijo, baba," yaani ahsante sana, akalivua, akalikunja, akalishika kwapani mpaka nyumbani.

Nimemsimulia Lightness. Ameniuliza, "Moja tu?"

"Ndiyo maana ya bora."

25 Desemba

Kanisani, halafu nyama ya mbuzi. Mvua imepumzika nusu saa.

Ijumaa, 9 Januari 1998

Redio inasema mvua hizi zina jina, El Niño, na zinaharibu nchi nzima. Hapa hatukuhitaji redio.

Nimemkuta Esnath kwenye kipande chake amelowa chapachapa, kavaa mfuko wa salfeti. Nikamuuliza koti liko wapi. Akasema lipo. Lipo wapi? Lipo nyumbani, limetundikwa. Nikamwuliza kama halimtoshi.

"Linatosha, baba. Lingekuwa kubwa zaidi likatutosha wote, ningelivaa." Alitabasamu kidogo, halafu akaacha jembe. "Nilikuwa nataka kukuomba. Likae stoo. Leo mwenye kikohozi alivae. Kesho mwingine."

"Mama Jotham, hilo si la stoo. Ni lako. Umelitolea jasho."

"Wote tumetoka jasho."

"Lakini si kwa kiasi kimoja."

Nilimweleza kwa upole kwamba akiwapa wengine, zawadi itakosa maana, na wavivu watashinda tena. Nilidhani anaogopa wivu, nikaamua kumsaidia asiuogope. Akainama akaendelea na mtaro wake.

Alhamisi, 22 Januari

Mkurugenzi amekuja na wageni wawili. Jana nilimtuma mtu kwa Esnath: kesho uvae koti. Sikuomba, niliagiza.

Alilivaa. Wageni walimpiga picha akiwa ameshika jembe, mwanamke wa njano katikati ya kijani chote kile, ikapendeza kweli. Amoni na wengine walikuwa vipande vya jirani, wamelowa. Walimtazama, wakageuza migongo, wakaendelea kulima. Hakuna aliyesema neno baya. Ningesikia.

2 Februari

Ndizi za soko la hapa ni nzuri kuliko nilivyotaka kukiri.

Ijumaa, 13 Februari

Esnath anaumwa. Anatetemeka kwa baridi hata jua likiwaka, hali chakula, mikono imelegea. Hospitali walipima malaria hawakuiona, wakampa vidonge na kumwambia apumzike. Nilimtazama kwake. Nyumba safi, majirani pande zote, na hakukuwa na mtu hata mmoja aliyekaa naye. Hilo lilinishangaza. Hapa mtu akiumwa jino nyumba hujaa.

Njiani nilimuuliza Amoni. Alitazama vidole vya miguu yake.

"Ni mbepo, bosi."

"Baridi ya mvua?"

"Baridi ya watu."

Jioni Lightness amenieleza, maana walimu wenzake wa shule anakofundisha wamemweleza. Wazee wanaamini mtu akijitenga na wenzake, akila peke yake, akipanda juu bila wao, watu hunung'unika moyoni, na manung'uniko yale humpata mwilini kama ubaridi. Hawamrogi. Wala hawahitaji kufanya kitu. Inatosha wasiwe naye.

Nikasema mwaka huu ni wa tisini na nane, na mimi ni meneja wa barabara, si mganga. Lightness akasema, "Sijakwambia uamini. Nimekwambia wanavyoona." Akaenda kulala.

Alhamisi, 19 Februari

Barabara imekatika.

Nitaandika yote, japo mkono hautaki. Asubuhi dereva wa lori la chai alikuja stoo kwa miguu, matope mpaka kiunoni, akasema mbele hakuna njia. Nilikimbia. Ilikuwa ni kwenye kipande cha Esnath. Shina la mgomba lililobebwa na maji lilikuwa limekaba mdomo wa kalavati, maji yakakosa pa kupita, yakapanda juu, yakaichana barabara mpaka upande wa pili. Lori lilikuwa limelala ubavu kwenye shimo, majani ya chai yametapakaa. Namshukuru Mungu hakuna aliyekufa.

Shina moja la mgomba. Watu wawili wangelivuta likatoka.

Esnath bado yuko kitandani. Lakini kushoto kwake ni kipande cha Amoni na kulia ni cha Nsajigwa, na jana walipita hapo wote wawili, asubuhi na jioni. Niliwaita kikosi kizima. Nilipiga kelele, sijawahi kuwapigia kelele hivyo. Niliuliza nani aliliona shina.

Kisha Amoni, yule msema visa, akasema bila kisa chochote: "Niliona, bosi."

"Ukafanya nini?"

"Nikapita."

"Kwa nini?"

"Si kipande changu. Jina langu halipo pale. Wewe ndiye uliyepiga vigingi."

Hakusema kwa ukaidi. Alisema kama mtu anayesoma tangazo. Nikamgeukia Nsajigwa, maana nilitegemea mzee atamkemea. Mzee alikuwa anatazama lile shimo, machozi yakimlengalenga, nami sikujua kama ni kwa ajili ya barabara au kwa ajili ya nini. Akasema, "Zamani tungeliona wote, bosi."

Tulijaza mawe kutwa nzima. Nami niliingia shimoni. Tulifanya kazi pamoja kwa mara ya kwanza tangu Novemba, lakini hawakuimba, na jioni kila mmoja alibeba jembe lake akaondoka peke yake.

20 Februari

Njia inapitika, kwa tabu. Nimemwambia mkurugenzi ni El Niño. Hakuuliza zaidi.

Jumapili, 8 Machi

Baada ya misa nimemkuta mzee Nsajigwa ananisubiri nyumbani. Amevaa koti lake la kanisani, yeye ni Mmoraviani, na ametembea kutoka kwake kwa miguu. Lightness alimpa chai. Hakuigusa mpaka alipomaliza neno lake.

"Nimetumwa. Mama Jotham anataka kupika Jumamosi hii. Atawaita wote wa kazini, na majirani, na mchungaji. Kwetu mtu akipatwa hivi tunakaa chini. Kila mwenye neno tumboni analitoa, mbele yake, bila kuficha. Mchungaji anaomba. Halafu tunakula pamoja, tunakuwa kama zamani."

Nikasema ni jambo jema, Mungu awabariki.

"Na wewe uje."

"Mimi tena, mzee? Hayo si yenu wenyewe?"

Akaniangalia kwa huruma, kama nilivyomwangalia yeye siku ile ya kwanza. "Bosi, Mama Jotham hakujivisha lile koti. Hakupiga vigingi. Watu wana neno, lakini neno si lake. Usipokuwepo watalitoa kwa nani?"

Nilielewa. Naandika hivi ili nisije kujidanganya baadaye kwamba sikuelewa. Nilikaa nikiwa nimeshika kikombe, nikaona aibu, halafu nikaona nafuu, kwa kuwa palikuwa na mlango na nilikuwa naonyeshwa. Nikasema nitakuja. Lightness akasema tutakuja wote. Mzee akanywa chai yake, akaomba na sukari ya kuongeza.

11 Machi

Esnath amekwenda sokoni mwenyewe kuchagua ndizi. Amoni ameniambia, na aliponiambia alicheka. Sijamsikia akicheka tangu mwaka jana.

Ijumaa, 13 Machi

Bwana Godwin amepiga simu. Kesho kampuni inakutanisha wasimamizi wa barabara zote za mkoa, Mbeya, na anataka niwahutubie saa nne: jinsi ya kuwapa wafanyakazi moyo wa kazi. Picha ya mwanamke wa koti la njano imewekwa ukutani. Nikamwambia kesho nina shughuli huku. "Shughuli gani?" Nikashindwa kuitaja. Ningesema nini? Kwamba nakwenda kula ndizi na vibarua ili mtu apone homa? Nikasema ni jambo la kifamilia, linaweza kusubiri.

Lightness alipakua chakula, tukala. Mwishoni akasema, "Fulgence, haliwezi kusubiri." Kwa kawaida ananiita Baba Leah.

Nimemwambia yeye ataniwakilisha. Nimenunua na sukari, mfuko mzima, aipeleke.

Jumamosi, 14 Machi. Mbeya

Nimesema vizuri. Niliwaambia wasimamizi kwamba meneja anapaswa kuwafahamu watu wake, kuwasikiliza, kukaa nao. Waliandika. Mmoja aliuliza jinsi ya kupambana na wivu baada ya zawadi, nikampa jibu refu. Makofi mengi.

Barabara ya kurudi imejaa ukungu, nalala nyumba ya wageni.

Jumapili, 15 Machi

Lightness alikuwa ameketi barazani niliporudi. Nilimuuliza ilikuwaje. Naandika alivyosema, kwa kadiri ninavyokumbuka.

"Walikuja wote. Hata wale unaowaita wavivu. Esnath alikuwa amevaa kitenge kipya, anatembea mwenyewe, anawapokea mlangoni. Wamepika mbalaga, zile ndizi zao, na nyama, kila kitu. Majani ya mgomba yametandikwa tayari. Walikuwekea kigoda, Fulgence, wakakiacha wazi. Nikawaambia umeitwa Mbeya, umewatumia salamu, na sukari hii. Wakasema ahsante. Mzee Nsajigwa akasema, basi tumsubiri kidogo, huenda atawahi."

"Walijua siji."

"Nilikuwa nimewaambia. Wakasubiri hivyohivyo. Mchungaji akauliza, nani ana neno? Kimya. Akauliza tena. Amoni akasimama, akamtazama Esnath, akasema, 'Mama, mimi kwako sina neno.' Akakaa. Na mwingine hivyohivyo. Wote, mmoja mmoja. Hawana neno naye. Walikuwa na neno, lakini mwenye kulipokea hakuwepo. Chakula kikapoa. Mchungaji akaomba, kwa sababu ilibidi aombe."

"Wakala?"

"Hawakula. Mzee alisimama akasema mvua inakuja. Wakaaga kwa heshima, mmoja mmoja, wakaenda. Esnath akabaki na vyakula vile vyote. Tulikula mimi na yeye na Jotham. Yaani, tulishika tu."

Nikauliza na sukari. Sijui kwa nini niliuliza.

"Iko nje mlangoni kwake. Hakuna aliyeiingiza ndani. Ilinyeshewa."

Jumatatu, 16 Machi

Esnath amekuja stoo kabla ya wengine. Ameleta koti, limefuliwa, limekunjwa. Ameleta na jembe la kampuni. Alisema anahamia Nkunga kwa kaka yake Hezron, yeye na Jotham. Nilimsihi. Nilimwambia nitakwenda nyumba kwa nyumba niwaite tena watu, nitakaa kwenye kile kigoda hata kutwa nzima, watanitukana wanavyotaka.

"Ndizi zile zilishapikwa, baba," alisema. "Watu walikuja, wakaondoka. Nitawaita mara ya pili niwaambie nini?"

"Waambie kosa ni langu."

"Hilo wanalijua."

Hakuwa na hasira. Ningeijua hasira, ningeijibu. Aliniaga kama anavyoaga mtu wa mbali, akanitakia kazi njema.

30 Machi

Mvua. Sina la kuandika.

Jumatano, 15 Aprili

Leo nimeng'oa vigingi vyote, nikajaribu kuvichoma, lakini vilikuwa vimelowa mno, vikagoma kuwaka. Nikawaambia kikosi turudi kwenye mstari kama zamani. Wakasema, "Sawa, bosi." Wakaingia mtaroni. Nikaenda stoo, niliporudi kila mmoja alikuwa amesimama pale kilipokuwa kigingi chake, analima, kazi safi kabisa. Nikamuuliza Nsajigwa kwa nini. Akasema wamezoea.

Nilimwomba aanzishe wimbo. Akasema yeye sauti hana, mwenye sauti alikuwa Mama Jotham.

8 Mei

Mvua zinapungua. Mkataba umepatikana. Bwana Godwin amenipongeza na kuniambia kampuni nzima sasa inagawa vipande. Nilimwambia asifanye hivyo. Nilimweleza kwa muda mrefu, mpaka kuhusu kile kigoda. Akacheka akasema nimechoka, nichukue likizo.

Jumamosi, 23 Mei

Nimekwenda Nkunga. Kumekauka kiasi cha kupita, nikaulizia kwa Hezron, nikaelekezwa. Nilimkuta Esnath uani anamenya ndizi. Amenenepa kidogo. Hatetemeki tena. Alifurahi kuniona, nami sikutegemea hilo, na furaha yake iliniumiza kuliko angenifukuza. Aliniletea kigoda, maji ya kunawa, akanipa ndizi na maziwa ya mgando. Nilimwambia nimekuja kumwomba msamaha, nikamwomba bila kuzungukazunguka. Akasema alishanisamehe, na akauliza kama Leah hajambo. Nikamwambia nafasi yake kazini ipo. Akatikisa kichwa.

"Kule sina watu tena, baba. Nikae nao niwe nani?"

Kuku walipita. Kisha akasogeza kigoda chake karibu, akaweka kisu chini, na uso wake ukafunguka kama nilivyouona mara moja tu, Novemba, kule mtaroni.

"Nipe habari zao," alisema. "Amoni, mkewe amejifungua? Ilikuwa iwe mwezi wa nne."

Sikujua kama Amoni ana mke.

"Mzee Nsajigwa, mguu wake? Ule wa kushoto, anaouficha. Amekwenda kuchomwa sindano?"

Nilikuwa nimemwona akitembea kila siku.

"Na Veronika aliyekuwa ananisaidia kuitikia? Yule binti yake alirudi kutoka Dar? Walikuwa wanamtafuta. Na Ambindwile, alimaliza kuezeka nyumba?"

Aliuliza habari za wote. Aliwataja mmoja mmoja, na kila jina lilikuwa na swali lake, na alikuwa ananitazama mdomoni, akisubiri, maana mimi ndimi niliyetoka kwao. Msimu mzima nimekuwa nao. Najua upana wa mtaro wa kila mmoja.

"Wote wazima," nikasema.

Akangoja kidogo, aone kama nitaongeza. Alipoona siongezi, uso ulijifunga taratibu, akaokota kisu chake.

"Basi, wasalimie," alisema, akaendelea kumenya.